Grosa: Jina la Jumla Lililohamia Rejareja

Neno la Kiingereza "grocer", ambalo hapa litaandikwa grosa, halikuanza kama jina la mwenye duka. Asili yake ni Kilatini cha zama za kati, grossarius, lililopita katika Kifaransa cha Wanormani waliotawala Uingereza. Shina lake ni grossus, yaani kubwa au nene. Grosa alikuwa mfanyabiashara wa jumla: alinunua shehena bandarini, akaigawa kwa magunia na marobota, kisha akawauzia wale waliopima kwa ratili na wakia. Jina lilitaja ukubwa wa biashara na halikusema lolote kuhusu bidhaa yenyewe. Ndiyo sababu liliweza kuhama kutoka mali moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka mia sita, wakati majina jirani yalipokufa.

Majirani hao walikuwa wawili. Mmoja aliitwa "pepperer", muuza pilipili manga, na mwingine "spicer", muuza viungo. Wauza pilipili wa London walikuwa na chama chao kufikia mwaka 1180, na habari zao zinajulikana kwa sababu walitozwa faini: walikuwa wamejiunga bila kibali cha Mfalme Henry II. Makazi yao yalikuwa mtaa wa Soper Lane, na mali yao ilitoka mbali. Pilipili ya Malabar ilivuka Bahari ya Hindi, ikapanda Bahari ya Shamu hadi Misri, ikanunuliwa Alexandria na Wavenisi na Wagenoa, na mwishowe ikashushwa katika bandari za Uingereza. Mwaka 1345 wauza pilipili 22 wa mtaa huo waliunda udugu mpya chini ya jina la Mtakatifu Anthony, yule mtawa wa jangwa la Misri. Katika miaka ya 1370 udugu huo ulikuwa umeanza kuitwa kampuni ya magrosa, na mwaka 1428 Mfalme Henry VI akaupa hati ya kifalme.

Kubadili jina huko kulikuwa na maana. Kufikia karne ya 14 hawakuwa wanauza pilipili peke yake. Walishughulika na tangawizi, mdalasini, kungumanga, sukari, zabibu kavu, lozi, mchele, shabu, rangi za vitambaa, nta, na wengine wao sufu. Kitu pekee kilichoziunganisha bidhaa hizo ni mizani. Zilipimwa kwa ile mizani kubwa ya mfalme iliyowekwa kwa ajili ya mali nzito, wakati hariri na vitu vya thamani vyenye uzito mdogo vilikwenda kwenye mizani ndogo. Magrosa walipata nguvu ya kumteua msimamizi wa mizani kubwa, na anayeshika mizani ya soko hana haja ya kugombania bei.

Jukumu la pili walilopewa lilikuwa kuchekecha. Viungo vilifika vikiwa na mavumbi, vijiti na mawe, mengine yakiwa yametiwa kwa makusudi njiani. Tangu mwishoni mwa karne ya 14 London ilikuwa na mkaguzi aliyeteuliwa kwa kauli ya magrosa, ambaye aliingia katika maghala na kuondoa takataka kabla mali haijauzwa. Kazi yake iliitwa "garbling", neno lililotokana na Kiarabu gharbala, kupitisha kwenye chekeche, ambalo wafanyabiashara wa Italia walilichukua katika bandari za Waislamu pamoja na viungo vyenyewe. Baadaye maana yake ilipinduka. Kwa Mwingereza wa leo, habari iliyofanyiwa "garbling" ni habari iliyovurugwa, haieleweki. Inaonekana wachekechaji wengine walichagua cha kubakiza kwa faida yao.

Nembo ya kampuni hiyo, iliyotolewa karne ya 16, ina karafuu tisa nyeusi, na juu yake ngamia aliyebeba mzigo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba karafuu hizo ni za Unguja na Pemba, lakini sivyo. Wakati huo karafuu zote za dunia zilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Wafaransa waliiba miche yake mwaka 1770 na kuipeleka Mauritius, wakiongozwa na Pierre Poivre, ambaye jina lake la ukoo lina maana ya pilipili. Zao hilo liliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na likatanuka sana chini ya Seyyid Said. Karafuu za nembo ya London zimezitangulia za Unguja kwa karibu miaka mia tatu.

Jina la grosa lilikuwa pia na upande mchungu. Mwaka 1363 Bunge la Edward III lililalamika kwamba wafanyabiashara walioitwa magrosa walikuwa wakinunua kila aina ya mali iliyopo sokoni, wakiificha kwa makubaliano yao ya siri na kupandisha bei ghafla. Sheria iliyotungwa ilimtaka kila mfanyabiashara achague aina moja tu ya mali na kuachana na nyingine. Haikudumu, kwa upande wa wafanyabiashara iliondolewa mwaka uliofuata. Hata hivyo kitenzi cha jamaa yake, "engross", kilibaki katika sheria za Uingereza kama jina la kosa: kununua nafaka au chakula kwa wingi ili kukihodhi. Sheria ya mwaka 1552 iliweka adhabu kali kwa kosa hilo, na mabaki ya mwisho ya makosa ya aina hiyo yalifutwa mwaka 1844. Watanzania walioishi wakati wa kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi wanamfahamu mtenda kosa hilo kwa jina la mlanguzi. Kwa watu wa karne ya 14, grosa na mlanguzi walikuwa karibu mtu mmoja.

Kitenzi hicho kilizaa maana nyingine ambazo hazina uhusiano na soko. Makarani wa sheria wanapoandika nakala ya mwisho ya hati, huita kazi hiyo "engrossing", kwa kuwa zamani nakala hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa. Mtu aliyezama katika kitabu husemwa vivyo hivyo, kwamba amenunuliwa wote. Nalo grosi la vitu 144, yaani dazeni kumi na mbili, lilitoka katika Kifaransa likiwa na maana ya dazeni kubwa.

Nguvu ya magrosa wa jumla ilifikia kilele mwishoni mwa karne ya 14, na mfano wake ni Nicholas Brembre. Alikuwa grosa, msafirishaji wa sufu na mkopeshaji wa Mfalme Richard II, na alishika umeya wa London mara kadhaa. Siasa za jiji wakati huo ziligawanyika kati ya vyama vilivyouza vyakula, ambavyo Brembre aliviongoza, na vyama vya nguo na ufundi chini ya mpinzani wake John wa Northampton. Maadui wa mfalme walipopata nguvu bungeni, Brembre alishtakiwa kwa uhaini na kunyongwa mwaka 1388. Mtu wa aina hiyo hakuwahi kusimama nyuma ya meza kumpimia mteja nusu ratili ya zabibu.

Aliyesimama nyuma ya meza alikuja baadaye, na chanzo chake kilikuwa baharini. Wareno walipofika India mwaka 1498, kisha Waholanzi, na baada yao kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki iliyopewa hati mwisho wa mwaka 1600, uagizaji wa viungo uliondoka mikononi mwa wafanyabiashara mmoja mmoja. Jumla ikawa mali ya makampuni yenye meli na mizinga. Grosa alibaki na sehemu ya mwisho ya mnyororo, yaani kununua mnadani na kuuza kwa wenye nyumba. Jina lenye maana ya jumla likawa jina la mtu wa rejareja, nayo jumla ikachukua neno jingine, "wholesale". Kifaransa kilifanya kinyume: muuza jumla humwita grossiste, na mwenye duka kikamwita kwa jina la viungo, épicier.

Mgawanyiko mwingine ulitokea mwaka 1617. Hadi hapo watengeneza dawa wa London walikuwa ndani ya kampuni ya magrosa, jambo lisilo la ajabu kwani tangawizi, sukari, shabu na afyuni zilitoka katika ghala moja. Duka la viungo na duka la dawa lilikuwa duka lile lile, kama ilivyo bado kwa maduka ya dawa za asili katika miji mingi ya pwani. Wakiongozwa na Gideon de Laune, mtengeneza dawa wa malkia, walimwendea Mfalme James I wakidai kwamba kuuza na kutibu ni kazi mbili. Mfalme alikubaliana nao na kuwapa hati yao tarehe 6 Desemba 1617. Magrosa walipinga kwa nguvu, kwa kuwa walipoteza sehemu iliyokuwa na faida. Kuanzia hapo grosa hakuruhusiwa tena kuwa mganga.

Wakati huo huo kampuni yenyewe ilikuwa inaachana na biashara iliyoipa jina. Kwa desturi ya London, mtu aliyeingia katika kampuni yoyote aliweza kufanya biashara yoyote, na uanachama uliweza kurithiwa kutoka kwa baba. Matokeo yake ni kwamba mwanachama wa kampuni ya magrosa aliweza kuwa mwenye benki au mwanasheria, na mwenye duka la sukari aliweza kuwa mwanachama wa kampuni ya washona nguo. Kampuni ipo hadi leo na ni ya pili kwa heshima kati ya makampuni ya jiji hilo, lakini shughuli zake ni sadaka na elimu. Shule ya Oundle, iliyoanzishwa kwa wasia wa grosa Sir William Laxton mwaka 1556, ni mojawapo ya matunda yake.

Nje ya London maana ya neno haikuwa na mipaka mikali. Katika mji mdogo wa karne ya 17 mtu mmoja aliweza kuuza vitambaa, sukari, sabuni, misumari na tumbaku, akajiita grosa au jina jingine kadiri alivyopenda. Ushahidi mzuri ni sarafu ndogo za shaba ambazo wenye maduka walijitengenezea kati ya miaka ya 1648 na 1672, wakati serikali iliposhindwa kutoa pesa ndogo za kutosha. Nyingi zina nembo ya magrosa au picha ya pia ya sukari, kwa kuwa sukari iliuzwa ikiwa imegandishwa kwa umbo la pia na kukatwa kwa koleo dukani. Wengi waliotumia nembo hiyo hawakuwa wanachama wa kampuni yoyote.

Sukari hiyo, pamoja na chai, ndiyo iliyomjenga grosa wa karne ya 18. Viungo vilipungua thamani, na vinywaji vipya vikachukua nafasi. Mwaka 1784 waziri mkuu William Pitt alishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, akaua magendo kwa kalamu na kuifanya chai kuwa kinywaji cha kila mtu. Sukari ilitoka mashamba ya watumwa wa Karibi, na mwaka 1791, baada ya Bunge kukataa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi za Kiingereza ziliacha kuitumia. Baadhi ya magrosa waliitikia kwa kuuza sukari ya India na kuitangaza kuwa haikulimwa na watumwa.

Grosa huyu alikuwa fundi, jambo linalosahaulika kwa urahisi. Chai ilifika katika makasha, na yeye ndiye aliyeonja, akachanganya aina mbalimbali kulingana na maji ya mji wake na mfuko wa wateja wake. Alikaanga kahawa, akasaga pilipili, akasafisha zabibu, akafunga kila kitu katika karatasi aliyoikunja mwenyewe. Kijana alijifunza kazi hiyo kwa miaka, kwa kawaida saba. Kwa upande wa vyakula, aliuza vikavu tu. Siagi, jibini, mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa vilikuwa vya muuza vyakula wa aina nyingine, hata vibao vya karne ya 19 vikalazimika kutaja kazi zote mbili mwenye duka alipoziunganisha. Mboga na matunda mabichi vilikuwa na mtu wake, "greengrocer", jina lililozuka karne ya 18. Muundo wa jina hilo ni wa kuchekesha kidogo, maana mwenyewe ni mtu wa genge, na mali yake inayonyauka jioni haiwezi kuwekwa kwa jumla.

Ufundi wa kuchanganya ulikuwa na ndugu yake mbaya, uchakachuaji. Mwaka 1820 mwanakemia Frederick Accum, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi London, alichapisha kitabu juu ya sumu na udanganyifu katika vyakula. Kuanzia 1851 daktari Arthur Hill Hassall alichunguza kwa darubini sampuli zilizonunuliwa katika maduka ya London, na jarida la tiba la Lancet likachapisha matokeo pamoja na majina na anwani za wauzaji. Kahawa ilijaa mzizi wa chikori, chai ilipakwa rangi, pilipili ilichanganywa na mavumbi ya ghalani, na pilipili hoho ya unga ilitiwa risasi nyekundu ili ing'ae. Sheria ya kwanza ilikuja mwaka 1860 na ilikuwa dhaifu. Ile ya 1875 ndiyo iliyokuwa na meno. Kwa muda wote huo grosa alitajwa kama mtu tapeli, na si kwa kuonewa.

Dawa ya uchakachuaji iliyofanikiwa kuliko sheria ilikuwa pakiti. John Horniman alianza kuuza chai katika pakiti zilizofungwa tangu 1826. Baadaye Thomas Lipton, aliyefungua duka lake la kwanza Glasgow mwaka 1871 na kununua mashamba ya chai Ceylon mwaka 1890, aliisambaza mijini kote ikiwa na uzito na jina juu ya pakiti. Wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale nao, mwaka 1844, walikuwa wameonyesha kwamba wateja wenyewe wanaweza kumiliki duka na kuuziana unga na siagi visivyochanganywa. Mteja alipata uhakika, lakini kuonja, kuchanganya na kufunga kulihamia kiwandani. Mwaka 1916 duka la Piggly Wiggly la Memphis, Marekani, lilimwachia mteja achukue vitu mwenyewe kwenye rafu, na hapo kazi ya kumhudumia nayo ikaanza kutoweka.

Liko tawi moja la maana ambalo Waingereza wenyewe hulisahau, nalo ni pombe. Grosa aliuza vitu vilivyotoka ng'ambo, na mvinyo ulikuwa mmoja wao. Uskoti ndiko tawi hilo lilikostawi. John Walker alifungua duka lake Kilmarnock mwaka 1820. George Ballantine alianza Edinburgh mwaka 1827. Ndugu wa Chivas walikuwa magrosa wa Aberdeen. Kuchanganya chai kulikuwa sehemu ya kazi ya grosa, na ustadi huo huo wa kupata ladha moja isiyobadilika ndio ulioifanya wiski yao kuwa maarufu. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1853 ilitenganisha leseni ya grosa na ya baa: grosa aliruhusiwa kuuza pombe ya kuchukua, na ilikuwa marufuku kuinywa dukani. Uingereza ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1860, pale waziri wa fedha Gladstone alipowaruhusu wenye maduka kuuza mvinyo kwa chupa. Wapinga pombe walilalama kwamba wanawake wenye heshima sasa wangenunua pombe kwa siri, ikaandikwa katika daftari la madeni kama sukari na chai.

Marekani ya mipakani haikujali tofauti ya kuchukua na kunywa hapo hapo. Katika majimbo ya magharibi ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, "grocery" ilikuwa aghalabu kilabu cha pombe kali chenye pipa na vikombe. Maana hiyo iliingia hata katika siasa. Tarehe 21 Agosti 1858, katika mdahalo wao wa kwanza mjini Ottawa, Illinois, Stephen Douglas aliikumbusha hadhara kwamba Abraham Lincoln alikuwa mwenye "grocery" ujanani. Lincoln alikana kuwahi kuwa nayo popote. Msomaji wa leo asiyejua maana ya zamani atashangaa kwa nini mtu aone aibu kuuza unga na chumvi.

Afrika Mashariki ililipokea neno hili baada ya kuwa na lake. Duka, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa limeenea kabla ya utawala wa Waingereza, na rejareja ya vyakula ilikuwa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya India. Palipohitajika vyakula vya kopo pamoja na mvinyo na wiski kwa maofisa na walowezi, Wagoa wa Zanzibar, Mombasa na Nairobi walikuwa mbele, kwa kuwa wengi wao ni Wakristo na pombe haikuwa mwiko kwao. Maduka yao yalikuwa grosari kwa maana kamili ya Kiingereza cha karne ya 19, yenye chai upande mmoja na chupa upande mwingine.

Tangu hapo nchi mbili zimeachana. Kenya kibanda chenye maandishi "grocery" mara nyingi ni cha mboga na matunda: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, ndizi. Tanzania grosari ni mahali pa kunywea bia, padogo kuliko baa, penye friji, viti vya plastiki na mara nyingi jiko la nyama choma nje. Sukari na chumvi huenda zisiwepo kabisa. Kwa kipimo cha sheria ya Uskoti ya 1853, karibu kila grosari ya Dar es Salaam ingefungiwa, kwa kuwa mteja wake hununua bia akaketi papo hapo kuinywa.